Galaksi mbili zinazoonekana Baraka na hazionekani Brussels

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, na ninyi ndugu zetu mnaolala katika vibanda vya wahami, leo tunaacha kidogo habari za barabara na za bei ya unga. Tunaingia katika historia, na sehemu moja ya historia hiyo iko juu ya mapaa yetu.

Usiku usio na mwezi, mbingu ikiwa safi, simama Baraka ugeukie kusini, upande wa milima ya kwenda Fizi-centre. Utaona vipande viwili vyeupe, kama moshi wa jiko uliosahaulika hewani. Mtu akiviona mara ya kwanza hudhani ni mawingu ya mvua. Lakini wingu la mvua hupita, na hivi havipiti. Vinazunguka pamoja na nyota usiku kucha, kisha kesho yake vinarudi mahali pake. Kile kikubwa kinaitwa Wingu Kubwa la Magellan, na kile kidogo Wingu Dogo la Magellan. Jina la wingu limebaki tu kwa mazoea. Kila kimoja ni galaksi, yaani mkusanyiko wa nyota mamilioni kwa mamilioni, nje kabisa ya mkusanyiko wetu sisi, ule tunaouona kama mkanda mweupe unaokata anga na ambao watu huuita Njia ya Maziwa.

Mtu aliyezaliwa Brussels, Paris au London, akakaa kwao mpaka akafa, hawezi kuyaona mawingu hayo hata usiku mmoja. Dunia ni mviringo, na kwao upande ule wa anga umefichwa chini ya ardhi siku zote. Sisi tuko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta. Kwetu Wingu Kubwa linapanda mpaka digrii 25 hivi kutoka ukingo wa anga. Ukinyoosha mkono na kufunga ngumi, ni ngumi mbili na nusu juu ya mstari wa chini.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kiini cha habari yenyewe. Wazungu ndio walioandika vitabu vya namna ulimwengu ulivyopimwa, na ni kweli walipima. Lakini kipimo chenyewe kilipatikana katika Wingu Dogo, hili hili linalosimama kila mwaka juu ya Fizi. Wao walilijua kwa picha.

Kabla ya picha, watu walikuwa na macho tu. Wakulima wa nchi zetu za Kiswahili waliangalia kundi la nyota la Kilimia ili kujua majira, na jina lenyewe linatoka kwenye kulima. Mwaka wa 964, mtaalamu wa nyota wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliyefanya kazi Isfahan, aliandika kitabu cha nyota, na ndani yake akataja "wingu dogo" katika kundi la Andromeda. Leo tunajua wingu lile ni galaksi kubwa jirani yetu. Yeye hakuwa na darubini. Aliona kwa jicho, akaandika alichokiona. Upande wa kusini, mabaharia waliokwenda pamoja na Magellan katika safari ya 1519 mpaka 1522 waliyaona mawingu yetu mawili, na Antonio Pigafetta, aliyeandika habari za safari ile, akayataja. Magellan mwenyewe aliuawa Ufilipino mwaka wa 1521, hakurudi nyumbani, lakini mawingu yakabaki na jina lake. Watu waliokuwa wakiyaona tangu zamani kusini mwa dunia hawakuulizwa wao wanayaitaje. Kama kuna mzee wa Kibembe, wa Kinyindu, wa Kifuliiru au wa Kinyamulenge anayejua jina lake katika lugha ya kwao, alete radioni. Hilo peke yake lingekuwa habari.

Sasa tuje kwenye picha. Kwa nini picha ione kitu ambacho jicho halikioni?

Fikiria robine ya mtaa siku ambayo maji hayana nguvu, yanatoka tone kwa tone. Ukiweka kiganja, unapata unyevu tu. Ukiweka kidumu chini yake na kusubiri usiku mzima, asubuhi unakuta kimejaa. Jicho ni kiganja: linapokea mwanga, linautumia, linaupoteza papo hapo. Kamera ni kidumu. Ukiacha lenzi wazi kwa muda mrefu, mwanga unajikusanya, na kitu kilichokuwa giza tupu kinaanza kutokea. Mwanga wa galaksi ni tone kwa tone kweli, maana umetoka mbali sana.

Lakini kidumu cha zamani kilikuwa kinavuja. Upigaji wa picha ulitangazwa Ufaransa mwaka wa 1839, na kwa miaka mingi baadaye sahani za kioo zilipakwa dawa ya maji, zikatakiwa kutumika kabla hazijakauka. Dakika chache tu, kazi imekwisha. Kwa uso wa mtu inatosha. Kwa galaksi haitoshi. Mwaka wa 1871 daktari Mwingereza, Richard Maddox, alionyesha namna ya kutengeneza sahani kavu kwa kutumia jelatini. Baada ya wengine kuiboresha, sahani iliweza kukaa kwenye darubini kwa muda wa saa nzima, hata zaidi.

Na waliokimbilia jambo hili hawakuwa wakubwa wa vyuo. Andrew Common alikuwa injinia wa mifereji ya maji na usafi. Mwaka wa 1883, nyuma ya nyumba yake huko Ealing, London, alipiga picha ya wingu la nyota la Orion iliyoonyesha vitu ambavyo hakuna jicho lililowahi kuviona hata kwa darubini.

Mwaka mmoja kabla yake, hapa barani Afrika, kulitokea jambo ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko mengine yote. Mwezi wa tisa 1882 kimondo kikubwa chenye mkia kilitokea kusini, kinang'aa mpaka kikaonekana mchana. David Gill, mkuu wa kituo cha nyota cha Cape, Afrika Kusini, hakuwa na ujuzi wa picha. Akamwita mpiga picha wa mtaani, bwana Allis, aliyekuwa na studio Mowbray ya kupiga picha za sura za watu. Wakaifunga kamera ya studio juu ya darubini, Gill akawa anaifuata anga inavyosogea, lenzi ikabaki wazi, mara nyingine zaidi ya muda wa saa moja. Kimondo kikatokea vizuri. Lakini nyuma yake kulitokea pia nyota nyingi ambazo hawakuzikusudia. Gill akaelewa pale pale: kumbe anga nzima inaweza kuandikwa kwa picha. Kutokana na wazo hilo anga ya kusini ilipigwa picha kipande kwa kipande, na Jacobus Kapteyn wa Uholanzi akapima sahani zile kwa miaka. Orodha yao, iliyochapishwa kati ya 1896 na 1900, ina nyota 454,875. Yote hayo yalianza na kamera ya mtu aliyezoea kupiga picha za maharusi na watoto.

Kisha akaja Isaac Roberts, mzaliwa wa Wales, mjenzi wa nyumba mjini Liverpool. Alipata mali kwa matofali, akainunulia darubini yenye kioo cha inchi 20. Tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 1888 aliielekeza kwenye lile wingu dogo la al-Sufi, Andromeda, na kuacha sahani ikae wazi kwa muda wa karibu saa nne. Alipoisafisha, akaona kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona: duara zinazojizungusha, kama maji yanayozama kwenye tundu. Hiyo ndiyo picha ya kwanza iliyoonyesha wazi umbo la galaksi. Roberts mwenyewe alidhani anaona jua moja jipya linazaliwa na sayari zake, kitu kidogo na cha karibu. Picha ilikuwa ya kweli, maelezo yake hayakuwa ya kweli. Kwa miaka 35 baadaye wataalamu walibishana: je, mawingu haya yako ndani ya Njia ya Maziwa au nje yake? Walishindwa kujibu kwa sababu hawakujua umbali.

Hapa ndipo anga yetu inapoingia.

Wavuvi wa ndagala watalielewa jambo hili haraka kuliko wanafunzi wa chuo. Usiku, ukiwa ufukweni, unaona taa mbili ziwani zenye mwanga sawa. Je, ni taa mbili za aina moja zilizo pamoja? Au moja ni ndogo iko karibu, na nyingine ni kubwa iko mbali, karibu na Ubwari? Kwa macho huwezi kujua. Lakini kama unajua nguvu ya kila taa, umbali unaweza kuukisia. Shida ya wataalamu wa nyota ilikuwa hiyo hiyo. Waliona taa, hawakujua nguvu zake.

Chuo cha Harvard, Marekani, kilikuwa na kituo Arequipa, nchini Peru, kusini mwa ikweta kama sisi. Huko walipiga picha za Mawingu ya Magellan usiku baada ya usiku, na sahani za kioo zikapelekwa kwa meli mpaka Cambridge, Massachusetts. Waliozichunguza kule walikuwa wanawake, waliolipwa kidogo kwa kazi ya macho na subira. Mmoja wao alikuwa Henrietta Leavitt, aliyezaliwa 1868, masikio yake yakizidi kuwa mazito mwaka hata mwaka. Alilipwa senti 30 za dola kwa muda wa saa moja. Mwaka wa 1908 alitoa orodha ya nyota 1,777 katika Mawingu hayo ambazo mwanga wake unapanda na kushuka. Aliziona kwa kulinganisha sahani ya usiku mmoja na sahani ya usiku mwingine, doa kwa doa.

Akaona jambo. Baadhi ya nyota hizo zinapumua kwa mpango: zinang'aa, zinafifia, zinang'aa tena, nyingine kwa siku chache, nyingine kwa wiki kadhaa. Mwaka wa 1912 alichukua nyota 25 za Wingu Dogo na kuonyesha kwamba kadiri pumzi ya nyota inavyokuwa ndefu, ndivyo taa yake ilivyo na nguvu. Aliweza kulisema hilo kwa sababu nyota zote za Wingu Dogo ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, kama vile mitumbwi yote iliyoko ng'ambo, upande wa Kigoma, ukiiangalia kutoka kwetu: tofauti ya mtumbwi na mtumbwi si kitu ukilinganisha na upana wa ziwa. Kwa hiyo inayoonekana kubwa pale ni kubwa kweli. Tangu siku hiyo, ukitaka kujua nguvu ya taa ya nyota ya namna hiyo popote pale, hesabu tu siku za pumzi yake.

Leavitt alifanya kazi mahali ambapo Wingu Dogo halichomozi kamwe. Alipima kitu ambacho mtoto wa Sebele anakiona akitoka nje kukojoa usiku.

Alifariki tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1921. Chini ya miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 mwezi wa kumi 1923, Edwin Hubble alipiga picha ya Andromeda kwa darubini ya inchi 100 juu ya mlima wa Mount Wilson, California. Kwenye kioo aliweka alama kwenye doa moja akidhani ni nyota iliyolipuka. Baada ya kulinganisha na sahani za zamani akaifuta alama ile na kuandika kwamba hiyo ni nyota inayobadilika. Ilikuwa nyota ya pumzi, ya namna ile ya Leavitt. Akahesabu siku zake, akapata umbali wa karibu miaka ya nuru 900,000, yaani mwendo ambao mwanga unautembea kwa miaka hiyo yote. Hesabu za leo zinasema ni milioni 2 na nusu. Kwa vyovyote, Andromeda ilikuwa nje, mbali kabisa. Mabishano yakaisha. Tukajua kwamba Njia ya Maziwa ni galaksi moja kati ya nyingi.

Hubble ana jina duniani kote. Aliyefanya naye kazi, Milton Humason, hatajwi sana, na kwa wasomaji wetu huyu ndiye wa kumjua. Aliacha shule akiwa kijana wa miaka 14 hivi. Mlimani alifanya kazi ya kuswaga nyumbu waliobeba mbao na vifaa vya kujengea kituo, kama vijana wetu wanaopandisha chumvi na sabuni kwa miguu kwenda Minembwe. Mwaka wa 1917 alirudi pale akiwa mfagiaji. Usiku alijifunza kushika darubini. Mwaka wa 1919 alipewa kazi ya utaalamu, bila diploma. Ni yeye aliyekaa kwenye baridi usiku mwingi akipiga picha za mwanga wa galaksi hafifu sana, sahani moja mara nyingine ikihitaji zaidi ya usiku mmoja, na picha zake zilisaidia kuonyesha kwamba galaksi zinazidi kuachana. Mwaka wa 1950 chuo cha Lund, Uswidi, kikampa udaktari wa heshima.

Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake hapa. Tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba chombo cha kwanza kilichotengenezwa kwa ajili ya kupima anga yote kwa miali ya X, miali ile ile ya radiografi ya hospitali. Kiliitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, kwa heshima ya nchi iliyokuwa mwenyeji. Kiliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kilisaidia kuonyesha kwamba katikati ya makundi ya galaksi kuna hewa yenye joto kali mno. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Watoto wetu wanafundishwa Apollo. Sijui mwalimu gani amewafundisha Uhuru.

Tarehe nyingine ya kukumbuka ni 24 mwezi wa pili 1987. Ian Shelton, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi kituo cha Las Campanas, Chile, alipiga picha ya Wingu Kubwa la Magellan kwa darubini ndogo ya zamani. Aliposafisha sahani akaona nyota kubwa mahali ambapo jana yake haikuwepo. Akatoka nje, akainua kichwa: nyota ilikuwa pale, inaonekana kwa macho. Usiku ule ule mfanyakazi wa kituo, Oscar Duhalde, alikuwa ameshaiona, na huko New Zealand Albert Jones, mtu wa kawaida anayependa nyota, akaiona pia. Nyota ilikuwa imelipuka karibu miaka 160,000 iliyopita na mwanga wake ndio kwanza ulikuwa unafika. Tangu 1604 watu hawakuwahi kuona mlipuko wa nyota unaong'aa hivyo kwa macho.

Ilikuwa enzi za Zaïre. Kwa miezi kadhaa ile nyota ilisimama kusini jioni, juu ya Fizi kama juu ya Chile. Wavuvi waliokuwa ziwani mwaka ule waliipita kichwani mwao usiku kwa usiku. Kama kuna baba au mama anayekumbuka nyota ngeni upande wa kusini mwanzoni mwa 1987, tunahitaji sauti yake.

Mwanzoni mwa miaka hiyo kioo kilikuwa kimeanza kustaafu. Mwaka wa 1969, katika maabara za Bell, Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme na kuuhesabu. Walipewa Nobel mwaka wa 2009. Ndugu yake wa karibu ndiye anayekaa nyuma ya lenzi ya simu uliyo nayo mfukoni. Na ndani ya simu hiyo hiyo mna vipande vya tantali, madini yanayotoka kwenye coltan, ambayo sehemu yake inachimbwa Kivu hii. Mawe yetu yamesafiri, yakarudi yakiwa jicho. Bei tunayolipia safari hiyo kila mtu hapa anaijua.

Kuna watu wa ng'ambo wanaosema giza letu ni utajiri, kwamba wao wanasafiri mbali na kulipa dola nyingi ili kupata usiku kama wa kwetu. Ni kweli taa za miji yao zimefuta nyota. Lakini giza la Fizi linatokana na kukosa umeme, na mkunga anayezalisha kwa tochi ya simu hawezi kuliita utajiri. Kwa hiyo niseme tu hivi: giza lipo, na wakati tunadai umeme, linaweza kutumika.

Simu nyingi za sasa zina hali ya usiku au ile ambayo mtu anapanga mwenyewe. Iweke juu ya tofali au jiwe, isiguswe, iwekee saa ya kuchelewa sekunde 10 ili kidole kisiitikise. Lenzi ikae wazi sekunde 15 mpaka 30, wepesi wa kupokea mwanga uwe 1600 au 3200, na lenzi ilenge mbali kabisa. Piga picha 20 au 30 mfululizo. Kwenye kompyuta, programu za bure kama Siril au DeepSkyStacker zinazikusanya ziwe moja, na hapo wingu linajitenga na giza. Mawingu haya yana wepesi wake: yako karibu na nukta ya kusini ambayo anga huizunguka, hivyo yanasogea polepole, karibu theluthi moja ya mwendo wa nyota za juu ya kichwa. Usitegemee picha kama za magazeti. Utapata doa la rangi ya maziwa, lakini litakuwa doa lako. Mwenye kamera ya kazi, ya wapiga picha wa harusi, atapata zaidi, kama bwana Allis.

Usiku wa kufaa ni ule ule wa wavuvi wa ndagala: giza, mwezi haupo. Taa zao ziko mashariki, ziwani, hazisumbui kusini. Katikati ya mwezi wa kwanza, saa mbili usiku, Wingu Kubwa liko kushoto na Wingu Dogo kulia, ukiwa umegeukia kusini, na juu kushoto inang'aa nyota kubwa ambayo mabaharia wa Pwani huiita Suheli. Ni majira ya mvua, najua, lakini baada ya mvua hewa imeoshwa. Mwezi wa nane mbingu haina mvua, na Wingu Kubwa linaonekana alfajiri, saa kumi na nusu, isipokuwa moshi wa mioto ya nyika unaweza kuliziba. Na mwezi wa kumi na moja, karibu saa nne usiku, Baraka inaona galaksi tatu kwa macho matupu: Andromeda kaskazini, upande wa Uvira, na Mawingu mawili kusini.

Neno la usalama. Siku hizi wengi wakiangalia juu usiku wanatafuta ndege isiyo na rubani, na hofu hiyo ina sababu. Nukta inayotembea taratibu, kimya, kwa mstari mmoja, kisha inafifia katikati ya anga, kwa kawaida ni setelaiti. Hata hivyo usiende mlimani, usikaribie kambi ya askari yeyote ukiwa na simu mkononi, mjulishe mkuu wa mtaa, na pigia uani kwako. Galaksi haiondoki.

Kwa nini tujisumbue, wakati intaneti imejaa picha nzuri zaidi? Tangu mwaka wa 1996 watu wengi wa Fizi wamevuka ziwa kwenda kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Nyarugusu nayo iko karibu digrii 4 kusini. Mawingu yanasimama kwa kimo kile kile kwao na kwetu, na hufika juu kwao dakika tano hivi kabla. Mama aliyeko Nyarugusu na mwanawe aliyebaki Mboko wanaweza kupigiana simu na kuangalia doa moja. Lakini waliochukuliwa kutoka kambini wakapelekwa kuishi Ohio au Kentucky hawayaoni tena. Kwao yamezama kama yalivyozama kwa Leavitt. Watoto wao hawatajua kwamba babu alikuwa na galaksi mbili juu ya paa. Kwao hawa, picha ya Baraka ina kazi ambayo picha ya chombo cha angani haina.

Na tunajua maana ya kupoteza picha. Nyumba zikichomwa, albamu zinaungua kwanza. Wako wengi hapa ambao hawana hata sura moja ya baba yao. Harvard bado inatunza zaidi ya sahani 500,000 za kioo, na kati yake zimo za Arequipa, zenye wino uliowekwa kwa mkono miaka zaidi ya 100 iliyopita. Zinatumika hadi leo kwa sababu aliyepiga aliandika. Kwa hiyo ukipiga, usiiache kwenye simu moja. Mtumie ndugu wa ng'ambo, mwingine wa Kigoma. Na kwenye kila picha andika mambo manne: tarehe, saa, kijiji, na sekunde ambazo lenzi ilikaa wazi.